Wakaniambia ni uzee

Mtu aliyevuka miaka 60 akiumwa mguu hapa Tanga, jibu liko tayari kabla hajamaliza kueleza. Muuza mbaazi atakwambia ni uzee. Dereva wa bajaji atakwambia ni uzee, tena kwa huruma, huku akikushika mkono ili upande. Mwanao wa kumzaa atakwambia kwa simu kutoka Dar, "Mama, si ukae tu utulie? Umri nao." Nililisikia neno hilo mpaka nikaanza kulitanguliza mwenyewe, nijikinge. Linaudhi, lakini ubaya wake hasa ni kwamba linafunga mazungumzo. Ukishaambiwa ni uzee, hakuna tena anayekuuliza umekimbia wapi, kwa viatu gani, umeongeza nini mwezi uliopita, na mguu unauma saa ngapi za siku. Na mguu wangu ulikuwa na majibu ya maswali yote hayo.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Waliosoma enzi zetu wanaujua mchakamchaka: alfajiri, watoto wamepanga mistari, mwalimu wa zamu ana filimbi shingoni, kiitikio kinasikika mtaa wa pili. Walimu wengi waliusimamia wakiwa wamesimama kweli. Mimi nilikimbia nao, na ukifika msimu wa UMITASHUMTA, yale mashindano ya michezo ya shule za msingi, ndio usiseme, nilikuwa sibanduki uwanjani. Kwa hiyo nilipostaafu nikajiunga na klabu ya jogingi sikuwa nimepata wazimu wa uzeeni kama shemeji yangu alivyodai. Nilikuwa naendelea na kazi yangu, safari hii bila mshahara.

Klabu hukutana Jumamosi alfajiri karibu na uwanja wa Mkwakwani. Tunateremka kuelekea baharini, tunashika barabara ya Raskazone, Kisiwa cha Toten kikiwa kule majini mkono wa kushoto, tunageuza, tunarudi. Nakimbia na suruali ya trakisuti, fulana ya mikono mirefu na mtandio niliobana kwa pini. Wengi ni vijana wa rika la wale niliowafundisha kushika penseli, na adabu yao inachekesha: wananipita huku wanasema "Shikamoo mwalimu", nami sina pumzi ya kuitikia marahaba.

Yaliyoniumiza hayakuwa mengi, ila yalikuja pamoja. Klabu iliamua kwenda Moshi kwenye Kilimanjaro Marathon, mbio zinazofanyika mwishoni mwa Februari au hapo karibu, na ikaamua kwamba tunakwenda kukimbia kilomita 21, zile 5 tuwaachie watoto. Uamuzi ulipitishwa Novemba. Maana yake mazoezi yote yakaangukia kwenye kaskazi, miezi ya joto kali kuliko yote huku kwetu, na katika wiki chache umbali ukafika karibu maradufu. Jumamosi tukawa tunatoka nje ya mji kuelekea Pongwe. Jumatano ikaongezwa kuwa siku ya mbio za kasi. Katikati ya hayo binti yangu akaniletea raba mpya, nyepesi, soli yake bapa toka vidoleni hadi nyuma, ilhali zile zangu za mtumba zilikuwa zimeinuka kisiginoni. Kisigino kikikaa chini zaidi, kano ya nyuma yake huvutika zaidi kwa kila hatua. Halafu barabara zetu zimeinama pembeni ili maji ya mvua yateremkie mtaroni, nasi tunakimbia upande uleule siku zote tukiyatazama magari yanayokuja, mguu mmoja juu, mwingine chini. Mwili wangu ungelimudu moja kati ya hayo. Pengine mawili.

Maumivu ya kano yana hila. Ya kwangu yalianza asubuhi. Nashuka kitandani kwenda kutawadha, mguu wa kulia umekakamaa, natembea ubavu nikishika ukuta wa ukumbi. Nikifika uani unaanza kulegea. Nikikimbia, mwanzoni unauma, halafu unanyamaza, nami najiambia haya, umepona. Nikishapoa, nikanywa chai na kuinuka kitini, unarudi. Nilipopapasa nilikuta kinundu, kama vidole vitatu hivi juu ya kisigino, na nikikibana uchungu unapanda mpaka kwenye meno.

Zahanati niliyokwenda kwanza sitaitaja. Nilikaa foleni tangu asubuhi, nilipoingia aliyenipokea aliniangalia uso. Mguu hakuuangalia.

"Mama una miaka mingapi?"

"Sitini na moja."

"Na unakimbia?"

"Nakimbia."

"Sasa mama, mwili nao unachoka."

Akaandika vidonge vya maumivu, nikatoka. Hata soksi sikuvua.

Baada ya hapo mtaa ukashika uuguzi. Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta alileta mafuta ya nyonyo akanikanda jioni kadhaa, na sitamlaumu, kwa sababu shavu la mguu likikandwa hulegea na usingizi hupatikana. Nilimkataza tu kukigandamiza kile kinundu, kwani kila akikifinya kesho yake nilichechemea zaidi. Maji ya moto na chumvi nayo ni hayo hayo, yanafariji. Diklo, vile vidonge vya maumivu vya zahanati, ndiyo niliyoitilia mashaka mapema. Mimi nina presha, na dawa za jamii hiyo zinaweza kuipandisha, kuharibu tumbo na kuzielemea figo, hasa kwa watu wa umri wangu. Isitoshe zilinifanya nikimbie bila kusikia mguu unasema nini. Mwingine akanishauri nitafute mahali nichomwe sindano moja tu ya kwenye kisigino, "utaruka kama mbuzi." Sindano hizo za steroidi hupunguza maumivu kwa muda, ila kwenye kano hii zinahofiwa kwa sababu kano inaweza kulegea hadi ikakatika, na kano ya kisigino ikikatika ni plasta au upasuaji. Nilimshukuru nikabaki na mguu wangu.

Kuna dawa nyingine ambayo hakuna aliyenitahadharisha nayo, nami naisema kila nikutanapo na wakimbiaji wa rika langu. Wakati huohuo nilikuwa nimepata yutiai, maambukizi ya njia ya mkojo, na kwenye duka la dawa nikapewa sipro, dawa ya kuua bakteria, bila kuulizwa lolote, kama wanavyopewa nusu ya watu wa mji huu. Siprofloksasini na ndugu zake wana sifa ya kudhuru kano, na kano wanayoipenda zaidi ni hii ya kisigino. Tangu 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani imeagiza onyo hilo liandikwe ndani ya kisanduku cheusi kwenye maelezo ya dawa, na walio hatarini zaidi wanatajwa waziwazi: waliopita miaka 60, wanaotumia steroidi, na waliopandikizwa figo, moyo au mapafu. Madhara yanaweza kuja ndani ya siku chache au miezi baada ya kumaliza dozi. Maumivu yangu yalitangulia vidonge, kwa hiyo sivisingizii. Ila mtu mwenye kano inayouma, tena mwenye umri huu, akiandikiwa sipro aseme, "Mimi nakimbia na kisigino kinaniuma, hakuna nyingine?" Mara nyingi ipo.

Februari ilipofika wenzangu walipanda basi kwenda Moshi nami nikabaki. Nilipumzika kabisa, na nilipumzika vizuri: masika yote sikukimbia hata kuwahi daladala. Maumivu yakaisha. Mvua zilipokatika nikatoka, polepole, sikufika hata Raskazone, na kesho yake nikashika ukuta tena. Hapo ndipo nilipokata tamaa kuliko wakati wowote, kwa kuwa nilikuwa nimetii kila nililoambiwa.

Aliyenitoa hapo ni binti mmoja wa fiziotherapia, tiba ya viungo kwa mazoezi, mdogo kuliko mwanangu wa mwisho. Aliniambia nivue viatu vyote viwili nipandishe suruali, akakaa sakafuni.

"Mama, unauma zaidi wakati gani?"

"Asubuhi nikishuka kitandani."

"Ukikimbia?"

"Mwanzo unauma, kisha unaacha."

"Na ukishapoa?"

"Unarudi na nduguze."

Akacheka. Akaniomba nisimame kwa mguu mmoja, nishike ukuta kwa ncha za vidole, nipande juu ya vidole vya mguu na kushuka mpaka nichoke. Wa kushoto ulipanda na kushuka bila tabu. Wa kulia baada ya mara chache ulianza kutetemeka, kisha ukagoma kabisa, kisigino hakinyanyuki, na si kwa maumivu. Haukuwa na nguvu. Nilitazama mashavu ya miguu yangu mawili pamoja kwa mara ya kwanza nikaona la kulia limenywea. Kupumzika kote kule kulikuwa kumenikula nyama.

Alinieleza hivi. Kano ni nyuzi zilizolala pamoja, mstari kwa mstari, mithili ya kamba ya mkonge iliyosokotwa vizuri. Ikibebeshwa mzigo kuliko inavyoweza kujijenga upya, nyuzi zinavurugika na kano inavimba. Damu inayofika pale ni kidogo ukilinganisha na nyama, kwa hiyo kupona kwake ni kwa miezi. Ukipumzika maumivu yanapungua, lakini nyuzi hazijipangi kwa kulala. Zinajipanga zikibebeshwa mzigo, kwa kipimo, mara kwa mara. Umri una sehemu yake, hakunificha: misuli hupungua, kano hujijenga taratibu zaidi, na kwa wanawake kukoma hedhi kunaondoa homoni ambayo ilikuwa inaisaidia mifupa na kano. "Lakini mama, hayo ni sababu ya kufanya mazoezi ya nguvu zaidi ya vijana. Siyo sababu ya kuacha." Baadaye nilisoma kwamba mwaka 1990 watafiti wa Marekani waliwanyanyulisha uzito wazee 10 wa kituo cha wazee, wenye umri wa kama miaka 90, na baada ya wiki 8 nguvu za mapaja yao zilikuwa zimeongezeka zaidi ya maradufu. Miaka 90! Mimi kumbe bado binti.

Dawa yenyewe ilikuwa kushusha visigino. Ina kisa chake, na wataalamu wa viungo wanapenda kukisimulia. Daktari wa upasuaji wa mifupa wa Sweden, Håkan Alfredson, alikuwa mkimbiaji na kano ya kisigino ilimsumbua. Akamwomba mkuu wake amfanyie upasuaji, mkuu akakataa. Alfredson akaamua kuiumiza zaidi mpaka ikatike, ili asiwe na la kukataa. Akaitesa kila siku kwa kuushusha mguu juu ya kidato, na badala ya kukatika ikapona. Mwaka 1998 alichapisha matokeo ya wakimbiaji wa kawaida 15 waliofanya hivyo: raundi 3 za mara 15 goti likiwa limenyooka, nyingine 3 goti likiwa limekunjwa kidogo, asubuhi na jioni, kila siku kwa wiki 12. Ukijumlisha ni mara 180 kwa siku. Watafiti wa Denmark walionyesha mwaka 2015 kwamba uzito mkubwa unaonyanyuliwa taratibu mara 3 kwa wiki huleta matokeo yanayokaribiana na hayo, kwa hiyo asiyeweza kila siku asihamaki.

Kidato changu kilikuwa baraza. Nyumba yetu ni ya zamani, ya Ngamiani, baraza lake lina kidato cha saruji kilicholika ukingoni, na hapo nilisimama kila asubuhi, nusu ya mbele ya mguu juu ya ukingo, visigino vinaning'inia, mkono mmoja kwenye mwimo wa mlango. Unapanda kwa mguu mzima, unahamishia uzito kwenye mguu mbovu, unashuka polepole mpaka kisigino kipite chini ya ukingo. Tena. Ukifanya hivyo barazani Ngamiani huwezi kufanya kwa siri. Wapita njia wenye baiskeli walisimama. Mzee mmoja wa msikitini aliniuliza kwa adabu kama nimesahau ufunguo. Watoto wa jirani waligeuza kuwa mchezo, wakawa wananihesabia kwa sauti, na nikitaka kudanganya raundi ya mwisho wanapiga kelele, "Bado mwalimu!" Uzito wa mwili wangu ulipozoeleka, nikavaa begi la shule la mjukuu mgongoni na pakiti ya unga wa sembe ndani yake, halafu mbili, halafu mchele. Siku moja mke wa jirani alikuja kuazima unga nikamwambia angoje nimalize.

Kilichonisaidia kuliko vyote ni kipimo cha maumivu, na hapa ualimu ulinifaa. Toka 0 hadi 10. Yule binti aliniambia wakati wa mazoezi maumivu yakifika hata 5 hayanidhuru, mradi kesho yake asubuhi yawe yameshuka pale yalipokuwa. Yakiamka juu zaidi, mzigo wa jana ulizidi, punguza. Nikanunua kaunta buku, nikapiga mistari kama rejista ya mahudhurio: tarehe, nilichofanya, maumivu wakati huo, maumivu ya asubuhi. Wekundu kwa siku mbaya. Baada ya muda daftari lilianza kuniambia mambo. Siku za kasi zilizaa asubuhi nyekundu kuliko siku za masafa marefu. Siku nilizosimama jikoni kwenye shughuli za watu, pilau la harusi na masufuria yake, zilizaa nyekundu hata kama sikukimbia. Hilo hakuna programu ya mazoezi inayolihesabu, lakini mguu unalihesabu.

Na kandambili. Huku kwetu ukifika mlangoni unavua viatu, unatembea sakafuni peku au na kandambili zilizokwisha kisigino. Binti wa fizio alipouliza ndani navaa nini, nilimshangaa. Sakafu ya saruji na kandambili bapa kutwa nzima ni mzigo wa kano ambao sikuwahi kuuandika popote. Nikanunua ndara zenye kisigino kilichoinuka kidogo, za ndani tu, hazitoki nje, na wageni wakizitazama nawaambia ni dawa.

Pumzi je? Nguvu za miguu zikirudi halafu pumzi imekwisha, umefanya nini? Baiskeli ilinisaidia, na hii ni Tanga, hakuna anayemshangaa mama mtu mzima juu ya baiskeli. Ila nilichokipenda ni bahari. Raskazone maji yakijaa naingia na gauni langu la kuogea mpaka kifuani, natembea kwa kasi, halafu nakimbia mle mle majini. Mwili unaelea, kano inabeba mzigo mdogo sana, na moyo unadunda vilevile. Kwangu mimi maji yenyewe ni kitulizo. Tabu ni ratiba: maji hujaa kwa kuchelewa karibu dakika 50 kila siku, leo yamejaa asubuhi, wiki ijayo asubuhi hiyohiyo yamekupwa na una tope na mwamba. Wanaofanya mazoezi kwa saa ya ukutani wangechanganyikiwa. Mimi niliwauliza wavuvi, nao hawakukosea hata siku moja.

Wakati wa kulia unapona, wayo wa kushoto ukaanza. Nimeona hili kwa wengi: unachechemea miezi, mguu mzima unabeba mzigo wa nduguye, nao unachoka. Maumivu yalikuwa chini ya kisigino upande wa ndani, mithili ya mwiba kwa hatua ya kwanza ya asubuhi. Safari hii sikungoja. Alfajiri nilikuwa nagundua kwenye kikao cha tahiyatu ya mwisho, vidole vya mguu wa kulia vimekunjwa chini na wa kushoto umelazwa, kuinuka ni kazi. Kwa siku kadhaa niliswali kwenye kiti, ruhusa ipo kwa mgonjwa. Nilijifunza kuuvuta wayo kabla ya kushuka kitandani: napandisha mguu juu ya goti la pili, navuta vidole kwa mkono kurudi nyuma mpaka ule utepe wa chini ukaze, nashikilia, naachia, narudia, ndipo naweka mguu chini. Na chupa ya maji iliyogandishwa nikaiviringisha chini ya wayo jioni. Ulipona upesi kuliko kano, nadhani kwa sababu niliukuta mapema.

Nisije nikaeleweka kwamba kila maumivu dawa yake ni mzigo. Mwenzetu mmoja klabuni, mama wa miaka 50 na kitu, aliumwa ugoko. Kila mtu alisema ni ugoko wa wakimbiaji, utazoea. Akakandwa, akakimbia. Maumivu yake yalikuwa mahali pamoja, pa kuweka ncha ya kidole, usiku amelala yanamwamsha, na akijaribu kuruka kwa mguu mmoja hawezi. Picha ya eksirei ya kwanza haikuonyesha kitu, na ndivyo ilivyo mara nyingi wiki za mwanzo. Ya pili ikaonyesha ufa kwenye mfupa. Huyo alihitaji kupumzika kweli, aache kabisa, na kwa mwanamke aliyekoma hedhi inafaa mifupa yenyewe ichunguzwe. Mfupa wenye ufa hutaka utulivu, kano iliyovurugika hutaka kazi, na kwa macho ya mtaani wote wawili wanaitwa "mguu unauma". Ndiyo maana nasisitiza mtu aangaliwe mguu, siyo cheti cha kuzaliwa.

Vijana wa klabu wana kisa chao wanachokipenda, na nakiri nilikifundisha mwenyewe ubaoni: John Stephen Akhwari, Mexico City, 1968. Alianguka njiani kwenye marathoni, goti likaumia vibaya, akafungwa bandeji, akaendelea, akaingia uwanjani zaidi ya saa moja baada ya mshindi Mamo Wolde wa Ethiopia, watu wengi wameshaondoka. Ni kisa kikubwa na nitakisimulia tena nikipata darasa. Lakini angalia kinavyotumiwa Jumamosi alfajiri. Kijana anachechemea, mwenzake anamwambia kaza, kumbuka Akhwari. Akhwari aliumia kwa ajali, siku moja, kwenye Olimpiki, amevaa jezi ya nchi. Wewe unaumia kila Jumatano kwenye lami ya Raskazone na wiki ijayo unarudia palepale. Nilimwambia mwenyekiti wetu hivyo mbele ya watu. Akasema, "Mwalimu, wewe umeshakuwa daktari." Baadaye alinipigia simu pembeni. Goti lake linamsumbua tangu mwaka juzi.

Sasa nakimbia siku zinazoachana, mbili mfululizo hapana. Baada ya mazoezi nakula mapema, dagaa au mayai au kunde, kwa kuwa mwili wa umri huu unahitaji protini zaidi ili kujenga misuli ileile. Mwezi wa Ramadhani napunguza, natoka baada ya tarawehe kwa mwendo wa taratibu. Nikiongeza umbali siongezi kasi. Tukigeuza Raskazone, wao wanabaki upande wao nami navuka wa pili ili mwinamo wa barabara uhame mguu. Baraza sijaliacha, ingawa kano imetulia, kwa sababu daftari linaonyesha kila nikiliacha kwa muda wekundu unarudi.

Klabu imeshaandikisha majina ya Moshi. Mwenyekiti alinijaza kwenye 21 bila kuniuliza, kwa heshima nadhani. Nimemwambia anihamishie 5. Vijana wamelalamika kwamba mwalimu anawaangusha, mmoja akasema zile 5 ni za watoto na wazee. Nikamjibu mimi ni mmoja wao, tena mwaka kesho nikiona daftari linaruhusu nitaomba 21, na nauli ya basi ni ileile.